Tangazo la kuchapwa Mbeya: kabla ya kulipa, ulizia nyekundu

Kila mwaka Nanenane ikishapita, kufika Oktoba naanza kutumiwa picha za aina moja. Bango la duka la pembejeo Uyole, la saluni Soweto ya Mbeya, la mama lishe wa Makambako. Turubai zima, halijachanika popote, maandishi ya buluu yanasomeka mpaka ng'ambo ya barabara. Ila neno PUNGUZO limebaki doa la waridi, na namba ya simu, iliyokuwa nyekundu ili ionekane vizuri, haionekani kabisa. Chini ya picha swali ni lile lile: "Dada, nimeibiwa?"

Kwa hiyo leo siongelei ukubwa wa herufi wala nembo ikae upande gani. Hayo dizaina wako atakuchosha nayo bure. Mimi napanga aina za matangazo ya kuchapwa kwa kigezo kimoja: nyekundu itadumu muda gani.

Mashine nyingi za kuchapa hazina wino mwekundu. Zina sayani (aina ya buluu), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi, na nyekundu hupatikana kwa majenta kukaa pamoja na njano. Kwenye wino wa bei poa hizo mbili ndizo zinazokimbia juani mapema. Sayani na nyeusi zinabaki zinashangaa. Halafu jua la huku linatudanganya. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua inayounguza rangi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Julai unatembea na koti, unadhani jua halina nguvu, kumbe bango linaungua. Na kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, miezi hiyo ya kiangazi jua hulalia kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini hupigwa karibu kutwa nzima. Kama fremu yako inatazama huko, soma kwa makini.

Namba moja kwangu ni kalenda ya ukutani. Najua mlitegemea niseme bango. Kalenda inakaa ndani, inatazamwa mwaka mzima, na nenda kijiji chochote cha Rungwe utakuta ya duka la mjini imetundikwa sebuleni hata na mtu ambaye hajawahi kununua hapo. Ichapwe kwa ofseti, ile mashine kubwa ya kiwandani inayochapa kwa bamba, siyo printa ya steshenari. Hapa sifichi upendeleo: nikiingia kiwandani nikakuta Heidelberg, mashine ya ofseti ya Kijerumani, hata ile GTO 52 ya zamani yenye kelele, nafungua pochi. Inachapa karatasi ya sentimita 36 kwa 52, fundi anaijua kama mkono wake, na rangi ya nakala ya kwanza inafanana na ya elfu moja. Agiza Oktoba; Desemba kila mtu yuko foleni na utapewa kalenda Januari katikati. Hata kalenda, lakini, usiigawe bila neno. Kuna hoteli moja Iringa, pale Miyomboni, kalenda imetundikwa mkabala na mlango. Ilipofika Juni, tarehe za katikati ya wiki zilikuwa zinasomeka zote, Jumapili na sikukuu, zilizokuwa nyekundu, zimefutika. Mwambie unayempa aitundike mbali na mlango.

Ya pili ni stika, lakini stika ya kukatwa, siyo ya kuchapwa. Hapa rangi imo ndani ya plastiki yenyewe tangu kiwandani, mashine inakata herufi tu. Nyekundu ya namna hii inavumilia jua kuliko nyekundu yoyote itakayotoka kwenye kichwa cha printa ya kawaida. Kwa bajaji za Mwanjelwa na Kabwe, zinazoshinda juani na kuoshwa kila jioni, sioni cha kushindana nayo. Ukitaka picha ndani yake, hapo lazima uchape, na mimi ni wa mashine ya Roland, VersaCAMM, inayochapa na kukata papo hapo bila kuhamisha karatasi. Wapo watakaokwambia mashine nyingine ni sawa tu na bei ni nusu. Waache. Mwombe mchapaji na laminesheni juu yake, yaani plastiki angavu ya kuifunika, iwe ile ya kuzuia jua.

Ya tatu ndiyo bango la turubai, ambalo wengi wenu ndilo mnalonunua na ndilo linaloniletea malalamiko yote haya. Silikatai. Kwa ufunguzi, kwa harusi, kwa Nanenane yenyewe pale viwanja vya John Mwakangale, hakuna kitu cha haraka kama hicho. Tatizo ni kulinunua kwa wiki moja halafu kuliacha mwaka. Ukiuliza wino, kila fremu jibu ni "orijino". Orijino ya wapi? Hakuna anayekuonyesha chupa. Fanya hivi: omba kipande cha majaribio chenye mraba mwekundu, wa ukubwa wa kiganja. Funika nusu kwa kadibodi, kibandike ukutani upande wa jua, kiache wiki tatu, kisha bandua. Ukiona mstari kati ya nusu mbili, hamia fremu nyingine. Mchapaji anayejiamini hatakunyima kipande cha kiganja, na anayekunyima ameshakujibu. Kama huna wiki tatu, basi namba ya simu na jina la duka viwe vyeusi au buluu, nyekundu ibaki kwenye mapambo. Mteja hanunui mapambo.

Na hapa niseme jambo linalonikera. Unaambiwa bei ni kwa mita ya mraba. Vizuri. Bango lako lina upana wa mita 1.2, roli lina mita 1.6, unalipishwa 1.6 kwa maelezo kwamba "kinachobaki kinatupwa". Hakitupwi. Hicho kipande cha sentimita 40 kesho kinachapwa tangazo la mtu mwingine, naye analipa. Kama umelipia upana wote, ondoka na kipande chako, ukatumie hata kufunikia kuni. Bei sitaji, maana fremu mbili zilizopakana hazikupi bei moja, na Julai ikiingia zote zinapanda pamoja kama zimepigiana simu.

Vipeperushi naviweka vya nne. Karatasi ya gramu 130 kwa mita ya mraba kwenda juu, A5 (nusu ya A4), ofseti ikiwa ni vingi. Vinaishi siku moja mkononi mwa mtu, kwa hiyo kupauka si hoja, ila ukigawa Tukuyu beba na mfuko wa nailoni, mvua ya kule haina ratiba.

Gazeti, Mwananchi au Nipashe au HabariLeo, ni la zabuni, mirathi na notisi ambazo watu wanakata na kutunza. Wino wake mweusi ni wa kaboni, jua haliuwezi; karatasi ndiyo hugeuka njano. Kwa duka la viatu Mafinga sioni faida. Bilibodi pia nairuka: kabla ya kuwaza rangi una kibali cha halmashauri, na kwenye barabara kuu hifadhi ni mita 30 kila upande, kwa hiyo TANROADS nao wana neno. Karatasi za fotokopi kwenye nguzo za umeme ni rahisi, na zinaonekana rahisi.

Mwisho, faili. Wanakuambia "dizaini ni bure", halafu ukilitaka faili ukachape kwingine unaambiwa ni mali ya ofisi. Dai lile la CorelDRAW, programu anayochorea dizaina, au PDF, siyo picha ya WhatsApp, na ulidai kabla hujamalizia salio. Ukishalipa, yule dizaina ghafla yuko msibani. Risiti ya EFD idai hapo hapo pia, kwa sababu ukirudi kesho mashine itakuwa haina mtandao.