Kukusanya nyota nne na nusu, mtaro nyota moja: uzoefu wangu na halmashauri yetu

Nina duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya mtaa, ndani ya manispaa moja ya Tanzania ambayo sitaitaja kwa kuwa leseni yangu bado inatoka kwao. Ni mteja wao wa miaka mingi, kama mtu unaweza kuitwa mteja wa duka usiloweza kulihama.

Kwenye kuchukua hela sina la kulalamika. Zamani kulipia leseni ilikuwa kazi ya kushinda kwenye benchi. Siku hizi naomba kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa mapato ya halmashauri, natumiwa kontroo namba, namalizia kwa simu nikiwa hapa hapa kaunta. Ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mauzo, nao unakumbushwa kwa ujumbe, kwa adabu, na kwa wakati. Kodi ya jengo ndiyo hata huiombi: tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda hadi 1,500. Mimi ni mpangaji. Jengo si langu, lakini umeme naununua mimi, kwa hiyo kodi nakatwa mimi, halafu nikimpigia baba mwenye nyumba tukatane kwenye pango, mtandao unakuwa mbaya upande wake.

Sasa shimo. Liko mbele ya duka, pale bajaji zinapopunguza mwendo, na kila masika linapanuka. Nilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kaka yangu, hela unampa huyu, barabara iko kwa yule."

Yuko sahihi, na hapa ndipo majirani wengi wanapochanganya. Tangu 2017 barabara za mitaa si za halmashauri, zilihamishiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Zile kubwa zinazounganisha mikoa ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu. Na fedha za matengenezo kwa sehemu kubwa hazitoki kwenye leseni yangu wala kwenye LUKU, zinatoka kwenye tozo ya mafuta. Ndiyo maana bajeti ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili TARURA ipate nguvu. Kwa maneno mengine, dereva wa bodaboda anayenitukana kwa sababu ya shimo amechangia kuliziba kuliko mimi.

Kiraka kilikuja mvua zilipokata, na nitasema ukweli, kiliwekwa vizuri. Vijana walikata lami iliyooza mpaka wakapata kingo zilizonyooka, wakatoa udongo uliolowa, wakarudishia kokoto na kushindilia kabla ya kumwaga lami. Kokoto nauza mimi, kazi ya kulipua nikiiona naijua. Hii haikuwa ya kulipua.

Masika yaliyofuata kikaanza kumeguka, lakini upande mmoja tu, ule wa mtaro. Mtaro wetu umejaa chupa za plastiki, mifuko ya saruji (mingine imetoka kwangu, sikatai) na mchanga unaoletwa na maji kutoka mlimani. Maji yakikosa njia yanatuama ukingoni, yanapenya chini ya lami, na lori likipita juu yake kila kinachoshikilia kokoto kinatoka kama uji. Lami haiuawi na magari peke yake. Ukiona shimo, tazama mtaro wake.

Na taka ni za halmashauri, si za TARURA. Ada ya taka tunalipa kila mwezi, kwa mzabuni aliyepewa kazi na halmashauri. Kijana wake wa risiti haijawahi kupita tarehe bila kumwona. Gari lake ni habari nyingine. Likichelewa, watu hawalali na taka ndani, na mtaro uko karibu. Basi ofisi moja inapokea hela ya usafi, nyingine inaziba shimo lililoletwa na uchafu, na hakuna anayeiandikia mwenzake bili.

Nikaenda kukaa kwenye baraza la madiwani. Vikao ni vya wazi na vinafanyika kila robo mwaka. Mwananchi anaruhusiwa kusikiliza ila hachangii. Ripoti ya mapato ikasomwa, lengo limefikiwa, makofi. Diwani mmoja mama akauliza kuhusu fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS, zile za kutolea risiti za ushuru, ambazo hazijaonekana benki, jambo ambalo CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hulirudia kwenye ripoti zake za serikali za mitaa. Akajibiwa kwamba linafanyiwa kazi. Wakaingia kwenye mikopo ya asilimia kumi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile iliyosimamishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata, na hapo ukumbi ukaamka kweli kweli. Kuzibua mitaro hakukutajwa hata kwa bahati mbaya. Kazi hiyo haina utepe wa kukata.

Kwa hiyo alama zangu: makusanyo nyota nne na nusu, nusu naibania kwa ajili ya LUKU ya mpangaji. Kiraka nyota nne. Taka na mtaro nyota moja, na hiyo ni ya kijana wa risiti.

Kama mtaa wako una shida hii hii, usipeleke picha ya shimo peke yake. Piga ya mtaro ulioziba pia, mpe mtendaji wa kata na uache nakala kwa meneja wa TARURA wa wilaya, ili kila mmoja ajue mwenzake ameiona. Na uwahi. Madiwani hupitisha makadirio mapema mwaka, kabla ya Bunge la bajeti la Aprili. Ukisubiri masika yakuamshe, mwaka wa fedha unaoanza Julai umeshagawanywa.