Uzoefu Wangu wa Kupandikizwa Mfupa wa Taya Mjini Unguja

Nimepandikizwa mfupa kwenye taya la chini, upande wa kushoto, mahali lilipokuwa gego langu la kwanza, na hivi sasa juu yake limekaa jino la kudumu ninalotafunia kama ninavyotafunia mengine. Kazi yote ilifanywa katika kliniki binafsi ya meno iliyopo Mjini Unguja, nami ni mkaazi wa Chake Chake. Ninaandika kwa sababu wenzangu wa Pemba wanaoniuliza habari za tiba hii huanza na bei, ilhali kuna maswali mawili yenye uzito zaidi: kile kinachotiwa ndani ya ufizi kimetoka wapi, na kitachukua muda gani kugeuka mfupa.

Mfupa unaoshika mizizi ya meno unaishi kwa kazi. Kila tunapotafuna, mzizi huusukuma, na msukumo huo ndio unaoufanya mwili uendelee kuujenga. Jino liking'olewa msukumo unakatika, na mwili huanza kuunyonya mfupa ule kidogo kidogo. Hasara kubwa hutokea mwaka wa mwanzo, ambapo upana wa mfupa unaweza kupungua hadi karibu nusu, zaidi upande wa shavuni, kwa kuwa huko ukuta wake ni mwembamba. Ugonjwa wa fizi nao hula mfupa hata kabla jino halijang'oka. Gego langu liling'olewa miaka mingi nyuma kwa kuwa lilikuwa limepasuka hadi mzizini, pengo likabaki wazi, na kwa kuangalia kwenye kioo hakikuonekana kitu zaidi ya ufizi uliobonyea.

Jambo la kwanza lililonipa imani na kliniki ile ni kwamba daktari hakutosheka na eksirei ya kawaida. Picha ya kawaida huonesha urefu wa mfupa lakini haioneshi unene wake, kwa hivyo alitaka picha ya pande tatu, kisha akanikalisha mbele ya kompyuta na kunionesha taya langu likiwa limekatwa vipande vipande. Kileleni mfupa ulikuwa na upana wa milimita 4 tu, na chini zaidi ukionekana mfereji unaopitisha mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu. Akanieleza kwamba skrubu ya titani inayoshika jino jipya nayo ina upana wa kama milimita 4, na inataka izungukwe na mfupa wa angalau milimita 1.5 kila upande. "Mwalimu," aliniambia, "leo naweza kuitia skrubu, lakini upande mmoja itakuwa haina mfupa wa kuishika." Maneno hayo yalinitosha kufahamu kwa nini nahitaji kupandikizwa mfupa kwanza.

Hapo ndipo tulipofikia suala la asili ya mfupa wenyewe, na naomba msomaji alisome taratibu. Aina zinazotumika ni nne. Ya kwanza ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, unaochukuliwa kidevuni, nyuma ya taya au, kwa kazi kubwa, nyongani. Huu una chembe hai na mwili unaupokea vizuri, lakini unaleta jeraha la pili. Ya pili ni mfupa wa binadamu mwengine aliyetoa viungo vyake baada ya kufa, uliosafishwa na kukaushwa. Ya tatu ni wa mnyama, mara nyingi ng'ombe, uliosafishwa hadi ukabaki madini matupu. Huu huchukua muda mrefu sana kunyonywa na mwili, na kwa sababu hiyo hulinda umbo vizuri. Ya nne hutengenezwa kiwandani kutokana na madini ya kalsiamu na fosfeti, bila ya kutoka kwa mtu wala mnyama.

Nilichagua ya kiwandani, na nilidhani suala limekwisha. Halikwisha, kwa sababu juu ya punje zile hufunikwa utando mwembamba wa kuzuia nyama ya ufizi isiingie kwenye nafasi ya mfupa, maana ufizi hukua haraka kuliko mfupa. Utando huo mara nyingi ni wa kolajeni, yaani protini inayotolewa kwenye ngozi au mishipa ya mnyama, na kolajeni huweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Kliniki haikunieleza hilo mpaka nilipouliza. Daktari hakuchukizwa na swali langu. Aliitafuta boksi, akanisomea maandishi ya mtengenezaji, na tukaiweka kando kwa kuwa ilikuwa ya nguruwe, akaagiza ya ng'ombe. Kwa nchi kama yetu, ninaamini jambo hili lilistahiki kuelezwa mwanzo kabisa, na kwa punje na kwa utando. Anayetaka kujua hukumu yake amuulize mwanachuoni anayemwamini, lakini kwanza aijue boksi imeandikwa nini.

Operesheni yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia. Nilipigwa sindano za ganzi, nikawa macho muda wote. Daktari alikata ufizi na kuufunua, akatoboa mfupa matundu madogo ili utoke damu, kisha msaidizi akazichanganya zile punje nyeupe, ambazo kila moja haizidi milimita 1, na damu yangu ndani ya kibakuli cha chuma, mpaka zikashikana na kuwa nyekundu. Zikapangwa ubavuni mwa mfupa, zikafunikwa utando, na ufizi ukavutwa na kushonwa juu yake bila ya kubaki mwanya. Nilimuuliza kama unga ule ndio utakaokuwa mfupa. Akasema la, ule ni kama jukwaa la mafundi wa ujenzi: mishipa ya damu na chembe za mwili hupanda juu yake na kujenga mfupa mpya, na jukwaa lenyewe huondoka polepole.

Shavu lilivimba zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha likaanza kushuka. Nilipewa dawa za kuzuia usaha, za maumivu na maji ya kusukutua, nikaambiwa nilale nimeinua kichwa, nisiteme mate kwa nguvu na nisinywe kitu kwa mrija, maana mvuto wake huweza kufungua mshono. Chakula changu kilikuwa uji uliopoa, mtindi, ndizi zilizopondwa na supu ya samaki iliyochujwa. Urojo nilikatazwa kwa sababu ya pilipili na ukali wake. Punje mbili tatu zilinitoka mdomoni siku za mwanzo na nikaingiwa na hofu. Nilipopiga simu nilijibiwa kuwa hilo ni la kawaida, ila usaha, harufu mbaya au ganzi ya mdomo isiyoondoka ni mambo ya kurudi mara moja.

Kwa anayetoka Pemba nashauri apange mapema pa kukaa. Mimi nilikaa kwa dada yangu Kikwajuni mpaka nyuzi zikatolewa, kwa kuwa daktari hakutaka nisafiri na mshono mbichi. Kutapika baharini wakati wa kusi ni jambo la kawaida kwetu, na mshono wa ufizini hauwezi kustahamili hilo. Pia nilisubiri mpaka Ramadhani ikapita, ili niweze kumeza dawa kwa saa zake.

Kisha ikaja kazi ya kungoja. Mfupa uliopandikizwa hungojewa kiasi cha miezi 4 hadi 6, na mara nyengine zaidi, kabla ya kutiwa skrubu, na skrubu nayo huachwa miezi kadhaa ili mfupa uigande. Tabia hiyo ya titani kugandana na mfupa iligunduliwa nchini Sweden na Per-Ingvar Brånemark katika miaka ya 1950, na mgonjwa wa mwanzo alitiwa meno ya aina hii mwaka 1965. Picha ya pili ilionesha upana wa kutosha, na skrubu ikaingia bila ya tabu.

Kuhusu malipo nina lalamiko moja. Bei niliyotajiwa mwanzo ilikuwa ya "mfupa", na baadaye nikakuta utando, picha ya pili na kofia ya jino (jino lenyewe linalokaa juu ya skrubu) kila kimoja kina bei yake. Hakuna aliyenidanganya, lakini hesabu kamili ilipaswa kuandikwa kwenye karatasi moja kabla ya sindano ya kwanza. Kwa ustadi wa mkono, usafi na subira ya kujibu maswali, naisifu kliniki ile kwa dhati, na nimeshawapelekea wenzangu wawili.

Mmoja wao ni mama yangu mzazi, mwenye meno ya bandia ya chini yanayoruka kila akizungumza, kwa kuwa taya lake limekwisha kuwa bapa. Yeye ana sukari, na sukari isiyodhibitiwa huchelewesha jeraha kupona na huongeza hatari ya usaha. Daktari aliuliza pia kama anatafuna tambuu yenye tumbaku na kama anatumia dawa za kuimarisha mifupa, maana baadhi yake huweza kuleta matatizo makubwa ya taya baada ya kukatwa. Kwa umri wake hakushauri kupandikiza mfupa kila mahali. Alionesha kwenye picha kwamba sehemu ya mbele ya kidevu bado ina mfupa wa kutosha kutiwa skrubu mbili za kuyashika meno yake ya bandia, ambayo ataweza kuyavua na kuyaosha kama kawaida. Mama amekubali, na daktari ametaka kwanza majibu ya kipimo kinachoonesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu iliyopita, ambacho tutakifanyia huku huku Chake kabla ya kupanda boti.