Kompyuta ya mtoto wa shule ya msingi: ununue ipi hapa Mwanza

Jumamosi winga mmoja alinidaka Barabara ya Nyerere kabla sijafungua mdomo. "Kaka, laptopu ya mtoto hii hapa, Core i7, ya Dubai, haijaguswa." Nikaigeuza nikasoma stika ya chini: i7 kweli, yaani prosesa (ubongo wa kompyuta) ya daraja la juu, lakini ya kizazi cha tatu, toleo la 2012. Mwanangu yuko darasa la nne. Hiyo mashine imemzidi umri.

Ndiyo maana naandika haya. Kazi za mtoto wa msingi ni nyepesi: kusoma vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu imeviweka bure kwenye Maktaba Mtandao yake, kupitia mitihani ya nyuma ya NECTA, kuandika insha, kuangalia video za hesabu. Hakuna hapo kinachodai i7. Kinachodaiwa ni betri, kibodi nzima na mzazi asiyebabaika na stika.

Kwanza, kama mtoto yuko darasa la kwanza au la pili, usinunue kitu. Chukua simu yako ya zamani, toa laini, weka Family Link (programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto), pakua vitabu, basi. Hiyo pesa itunze. Kwa wakubwa zaidi, nimezipanga hapa kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza: laptopu ya mtumba iliyotoka ofisini

Hapa sina mjadala. Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, HP EliteBook: hizi zilitengenezwa zitumiwe na wafanyakazi miaka mingi, na fundi yeyote wa mjini anazijua. Tafuta yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka. Ukilazimika kuacha kimoja, punguza RAM hadi GB 4, SSD usiiache. Ukishapata pesa, RAM inaongezeka kwenye mashine kama Latitude 5490 au ThinkPad T480.

Kizazi cha prosesa utakijua kwa tarakimu inayofuata kistari (kuanzia cha kumi ni tarakimu mbili). i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-5300U ni cha tano. Nane ndiyo mpaka, kwa sababu Windows 11 rasmi inaanzia hapo kwa prosesa za Intel, na Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Bei ikikubana ukaangukia kizazi cha sita, mwambie fundi akuwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Mtoto hatajua tofauti. Utakayelalamika ni wewe.

Zipo pia ndogo za inchi 11 zilizotengenezwa kwa ajili ya shule, zenye kingo za mpira, kama Latitude 3190. Zinavumilia kuanguka. Ila prosesa zake ni za polepole, na nyingi diski na RAM zimegandishwa kwenye bodi, hivyo ulivyoinunua ndivyo itakavyobaki.

Sasa dukani. Ya kwanza niliyowahi kununua, duka silitaji, ilikaa na chaji dakika kumi na nane. Jumatatu nairudisha naambiwa betri haina garantii. Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni huu, na muuzaji akinuna namwacha anune.

Nachomoa chaja. Piga stori, uliza bei ya nyingine, mashine iwe inacheza video kwa nusu saa. Kisha fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, halafu ifungue ripoti inayotoka. Angalia uwezo betri iliotoka nao kiwandani na uwezo iliobaki nao sasa. Ikibaki chini ya nusu, bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya laptopu.

Kisha kibodi. Fungua ukurasa mtupu, bonyeza kila kitufe, na A ibonyeze mara ishirini. Wafanyakazi wa Ulaya waliokuwa nayo hawakuandika Kiswahili; andika "alikaa akawaambia watachapa makala" uone kama kitufe kinakwama.

La mwisho, izime kabisa, iwashe huku ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikikudai nenosiri kabla ya Windows kuwaka, ondoka. Hiyo imefungwa na mwenye mali wake wa zamani, na siku diski ikifa utabaki nayo kama sinia. Ukiridhika, dai risiti ya EFD, na siku za garantii ziandikwe, betri itajwe kwa jina.

Ya pili: kishikwambi na kibodi ya blututhi

Kwa wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine ningeipandisha iwe ya kwanza. Kishikwambi kinachajiwa na chaja ya simu, kwa hiyo sola ndogo yenye tundu la USB inakitosha. Laptopu nyingi za zamani zinataka volti 19 na inveta juu yake.

Chukua chenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya 64, cha kampuni unayoijua. Vile vya watoto vyenye mpira wa rangi vinavyoandikwa "RAM 16, hifadhi 512" kwa bei ya kutupa, maandishi hayo ni ya boksi tu. Na ukikutana na chenye nembo ya serikali kinauzwa mtaani, kipite. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilipelekwa kwa walimu, si sokoni.

Ya tatu: kompyuta ndogo ya mezani na TV ya sebuleni

Unaunganisha kwa waya wa HDMI, na mama anaona kila kinachofunguliwa. Fundi akivunja bei unapata mashine yenye nguvu kuliko laptopu ya pesa hiyohiyo. Ubaya: umeme ukikatika kazi imekwenda, na saa ya tamthilia hakuna hesabu zitakazofanyika nyumba hiyo.

Ya nne: Chromebook

Hii ni laptopu inayotumia mfumo wa Google badala ya Windows. Kabla ya kulipa, tafuta kwenye mipangilio tarehe ya mwisho ya masasisho. Zilizotoka kuanzia 2021 zinapewa miaka kumi. Za nyuma nyingi zimeisha, ndiyo maana ni rahisi. Nayo inapenda intaneti kila saa, wakati bando letu ni la kuhesabu.

Ya mkiani: laptopu mpya ya bei ya chini kuliko zote

Boksi linang'aa, ndani kuna prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ambayo Windows yenyewe inaila karibu nusu. Baada ya masasisho mawili mtoto anasubiri kuliko anavyosoma.

Ukichagua yoyote, siku moja ipeleke penye waifai ya bure, ushushe programu mbili: Kiwix yenye Wikipedia na Kolibri yenye masomo. Zote mbili zinafanya kazi bila mtandao. Na mnaokaa Kirumba, Igombe na kwingine karibu na maji: msimu wa vile vidudu vya ziwani, mtoto asifanyie kazi barazani usiku. Vinafuata mwanga wa kioo, vinaingia chini ya vitufe, na kuvitoa ni kufungua kibodi nzima.