Bango la taa la nje: ununue lipi kwanza, na kwanini EL naiweka mwisho

Mwezi huu watu watatu wameniuliza kuhusu EL (electroluminescent), ile karatasi nyembamba inayowaka yenyewe, kipande kimoja kinawaka kingine kinazima mpaka picha inaonekana kama inatembea. Wameiona kwenye video na kila mmoja anataka aitundike nje ya duka lake. Mimi nafunga mabango hapa Dar, na siku nyingi zaidi narekebisha yaliyofungwa na wengine, kwahiyo ntakupangia kuanzia la kununua kwanza mpaka la mwisho.

Namba 1 kwa duka la kawaida, famasi, saluni, hoteli ndogo, ni laitiboksi ya LED. Boksi la chuma au alumini, mbele akriliki (plastiki ngumu) nyeupe ya maziwa au flex, yaani turubai la plastiki linaloprintiwa, ndani moduli za LED za volti 12, vile vipande vidogo vya taa vilivyoungwa kwa waya. Linasomeka mchana, usiku linawaka lote, na likiharibika fundi yeyote mwenye akili analifungua. Shida ni kwamba watu wananunua sura, hawaulizi ndani kuna nini. Kuna duka la dawa moja Mbagala niliitwa, bango limezima, dada mwenye duka ameshaambiwa anunue jipya. Nikafungua, chini kuna maji ya vidole viwili, pawasaplai, kile kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, imelazwa humohumo kwenye maji, kapasita zimevimba, na mjusi amekaukia juu ya waya. Kati ya moduli 120 zilizokuwa humo, zilizokufa ni 11 tu! Nikatoboa matundu ya kutolea maji chini ya boksi, nikaweka pawasaplai mpya nikaipandisha juu, bango likawaka. Yule dada alikuwa anakaribia kutupa bango zima kwasababu ya kifaa kimoja na matundu mawili.

Kwahiyo uliza hivi. Pawasaplai ni ya wati ngapi, na isibebeshwe zaidi ya asilimia 80. Mfano bango la mita 3 kwa 1, ukiweka moduli 150 za wati 1.2 unapata wati 180, gawanya kwa 0.8 ni 225, basi chukua ya 250 au mbili za 150, usikubali ya 200 eti inatosha, itachemka tu na joto hili letu. Moduli ziwe IP65 kwenda juu, hicho ni kipimo cha kuzuia vumbi na maji. Kina cha boksi kisiwe chini ya sentimita 10 la sivyo utaona madoa ya taa badala ya mwanga uliotulia. Na cheni ndefu ya moduli ilishwe umeme pande zote mbili, maana volti inapungua njiani, ndo unakuta bango upande mmoja jeupe upande mwingine limefifia kama limeumwa. Kuhusu Luku, hilo la wati 180 ukilizima kwa taima saa 6 usiku linakula karibu uniti moja kwa siku, sio kitu cha kuogopa.

Flex nayo ziko mbili na mafundi wengine wanachanganya, bahati mbaya au makusudi sijui. Moja nyuma ina weusi au kijivu, hiyo ni ya kumulikwa kwa mbele, ukiiweka kwenye laitiboksi unapata giza. Kabla hawajaprinti omba kipande, weka tochi ya simu nyuma yake. Mwanga usipopita kataa.

Namba 2 herufi za 3D zenye LED ndani. Zinapendeza kuliko zote na upepo hauzisumbui sana, ila ni ghali kwasababu kila herufi inakatwa na kukunjwa peke yake. Kama jina lako la biashara ni refu fikiria mara mbili. Namba 3 bango la chuma na flex likimulikwa na taa za nje, hii ni kwa bango kubwa la barabarani, la mita 6 au zaidi, maana kulijaza LED ndani ni hela nyingi. Hapa pesa yako iende kwenye nguzo na msingi kwanza. Kama uko karibu na bahari, Kigamboni au Masaki, dai chuma kilichochovywa zinki, rangi peke yake haimalizi muda kabla chumvi haijaanza kuila. Neoni ya plastiki namba 4, ile mipira laini yenye LED ndani inayokunjwa kuwa maandishi, nzuri kwa neno moja au mchoro ukutani chini ya paa.

Sasa EL. Ndani ni unga unaotoa mwanga unaoitwa fosfori, kawaida zinki salfaidi, umebanwa katikati ya tabaka mbili zinazopitisha umeme. Haiwaki na DC ya moduli, inataka AC ya volti kama 100 kwa mizunguko mia kadhaa kwa sekunde, umeme wa ukutani ni mizunguko 50 tu, ndo maana inakuja na inveta yake, kifaa cha kuipa umeme wa aina hiyo, na inveta nyingi zinalia kama mbu. Uzuri wake upo: nyembamba chini ya milimita 1, haichemki, inakula umeme kidogo. Lakini mwanga wake ni hafifu, jua likitoka huoni kama imewashwa. Unyevu ukiingia pembeni inaanza madoa meusi. Na fosfori inachoka, za kawaida baada ya saa elfu 3 mpaka 5 mwanga umebaki nusu. Ukiiwasha kwa muda wa saa 12 kila usiku, mwaka una saa 4,380. Hesabu mwenyewe.

Ina mahali pake: kaunta ya baa, nyuma ya kioo ndani ya duka, banda la Sabasaba kwa siku zile chache. Hapo nunua bila wasiwasi, ila kingo ziwe zimelaminetiwa na uchukue inveta ya akiba.

Kibali usikiache kwa fundi, nenda mwenyewe halmashauri, na kama nguzo inaangukia kwenye hifadhi ya barabara basi ni wasimamizi wa barabara, TANROADS au TARURA kulingana na barabara, vinginevyo bango jipya linapigwa X ya kuondolewa.

Hela ya mwisho usitoe mchana. Njoo usiku, simama ng'ambo ya barabara usome jina, alafu mwambie azime umeme, mwagieni bango maji kwa mpira dakika 10, na alifungue mbele yako. Ndani kukiwa kukavu, mlipe.