Maji moto ya jua nyumbani Isamilo: uzoefu wangu na tangi lenye koili

Jirani aliponiona napandisha tangi juu ya bati alinicheka: Mwanza hii, joto lote hili, maji moto ya nini? Ni mtu asiyeoga saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, upepo wa ziwa ukipenya dirishani. Mimi naishi na mama mzee na watoto wa shule. Hita ya bafuni ilikuwa inamaliza Luku, na umeme ukikatika tulirudi kwenye mkaa na ndoo.

Langu ni la lita 200, la mirija ya vioo inayopokea jua, na ndani lina koili, yaani bomba la shaba lililojikunja. Hiyo koili ndiyo ya kuulizia dukani, maana wauzaji wengi wanaipita juu juu. Maji yaliyomo tangini huyaogi kamwe. Yanazunguka kati ya tangi na mirija tu, kutunza joto. Ya kuoga yanatoka simtanki, yanapita ndani ya koili, yanapata moto njiani na kutokea bombani. Tope la msimu wa mvua haliingii kwenye mirija, na presha yote inabebwa na koili, si tangi. Kule Uingereza tangi la mtindo huu hupasha joto hata vyumba, shida ambayo sisi Mungu ametuepusha nayo.

Pampu haipo. Maji ya mirijani yakipata moto huwa mepesi, yanapanda tangini yenyewe na ya baridi yanashuka, ndiyo maana tangi hukaa juu ya mirija na mirija lazima ilale mteremko. Fundi akitaka kuilaza bapa kwa sababu jua letu ni la utosini, mkatalie.

Siku ya jua nyumba nzima inaoga jioni, na alfajiri mama anakuta maji bado ya moto. Povu gumu la kuzuia joto lisitoke, lililozunguka tangi, linafanya kazi kweli. Ila koili ina tabia yake: ukifungua bomba hadi mwisho, maji yanapita haraka kuliko yanavyopata moto, na bafu mbili zikifunguliwa pamoja wote mnapata uvuguvugu. Fungua kiasi. Mawingu ya Aprili yakikaa siku mbili tatu nawasha hita ya akiba ya umeme kwa muda mfupi tu, kwani kutoa lita 200 nyuzi 25 hadi 60 kunakula kama uniti 8.

Kwa nyumba yako mwenyewe yenye familia, nunua bila wasiwasi. Mpangaji wa vyumba viwili abaki na hita yake, maana kubomoa tangi la jua na kulihamisha ni kazi.

Mirija ikiwa tupu na imeshapigwa na jua, usijaze maji baridi, vioo vinapasuka. Jaza alfajiri. Na valvu ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi iwekwe siku hiyo hiyo tangi linapofungwa, hasa kama kuna watoto, kwa sababu mchana wa jua kali maji yanayotoka yanaunguza ngozi.