Jezi ya mabao manane ya Olunga: niliyoilipia na niliyoletewa

Shilingi 34,000 zimetoka, nusu yangu na nusu ya kaka yangu aliyeko Malindi, kwa jezi moja ya manjano ya Kashiwa Reysol, timu ya Japani, yenye jina OLUNGA na namba 14 mgongoni. Muuzaji yuko Mombasa na biashara yake anaifanyia kwenye simu. Tangazo lake halikuacha nafasi ya kuuliza: hii ndiyo jezi aliyoivaa Michael Olunga, mshambuliaji wa Kenya, siku alipofunga mabao manane. Si ya dukani, si mfano wake. Ile yenyewe, na jasho lake.

Siku ile anayependa mpira haisahau. Tarehe 24 Novemba 2019, mechi ya mwisho ya msimu wa daraja la pili kule Japani, Kashiwa waliifunga Kyoto Sanga 13-1, na katika hayo kumi na matatu, manane ni ya kijana wetu. Ikawa rekodi ya ligi yao. Mwaka uliofuata timu imeshapanda daraja la kwanza, akafunga 28, akachukua ufungaji bora na uchezaji bora wa msimu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza mashine za boti hapa Amu, yaani Lamu, na jioni nafundisha watoto mpira uwanja wa Twaif. Video ya yale mabao manane wameiona kwenye simu yangu mpaka wanabishana lipi lilitangulia lipi. Nia yangu ilikuwa jezi itundikwe barazani pale wanapokaa kufunga viatu, wajue kwamba mtu aliyetoka Gor Mahia ya Nairobi kafika huko, na nguo aliyofikia ni hii hapa, iguse.

Usafirishaji sina neno nao. Nilituma pesa Jumatatu kwa M-Pesa, Alhamisi mzigo uko Mokowe, gati la upande wa bara, umekuja na basi, ukavuka na boti ya mchana. Ulifungwa kwa nailoni mara mbili na haukuingia tone la maji ya chumvi. Jezi kama nguo pia ni nzuri: nyepesi, mshono umenyooka, nembo ya Yonex walioitengeneza na jina la mfadhili Hitachi vimekaa mahali pake. Angeniambia ni jezi tu, nimlipe 3,000, leo ningemsifu.

Kilichonishtua kwanza ni udongo. Begani kuna doa, na muuzaji alikuwa amelipiga picha karibu kabisa kama ushahidi wa mechi. Nimelitazama juani. Ni udongo mwekundu, ule unaoganda kwenye nyuzi na kuacha rangi ya kutu. Olunga alicheza kwenye nyasi. Mtu akianguka kwenye nyasi nguo inapata kijani, ubavuni na kiwikoni, na hapa kijani hakuna hata chembe. Tena kitambaa cha jezi iliyovutwa na mabeki dakika tisini huwa kimefumuka vijiuzi mahali mahali. Hiki kimesuguliwa sehemu moja tu, kwa kitu kikali, kwa mkono.

Nikaipeleka mtaa wa Langoni kwa fundi cherehani anayetushonea bukta za timu. "Ami, hebu nitazamie hii." Akaigeuza ndani nje, akaitandaza gotini kuelekea mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole gumba polepole kando ya ile 4. Kisha akanishika mkono na kuniwekea kidole changu palepale. Kulikuwa na ukingo mgumu wa gundi kuukuu, umezunguka kama kichwa cha 9.

"Mwanangu, hapa palikuwa na namba nyengine. Imebanduliwa, ikapigwa hii juu kwa pasi."

Hata hapo nilikuwa bado namtetea muuzaji moyoni. Pengine timu ilibadilisha namba, nani ajuaye. Usiku nikafungua ile video, nikaisimamisha kila Olunga anapoipa kamera mgongo. Ile 4 ya kwenye mechi na hii niliyonayo si moja. Halafu nikaangalia picha za timu nyingine za Japani za miaka ya karibuni, Urawa, Kawasaki, nikaikuta 4 yangu huko, vilevile, pembe kwa pembe. Sababu yake ni hii: ligi ya Japani ilianza kutumia mwandiko mmoja wa namba kwa timu zote mwaka 2021. Kabla ya hapo kila timu ilikuwa na wake. Na Olunga aliondoka Kashiwa mwanzoni mwa 2021 hiyohiyo kwenda Al-Duhail ya Qatar. Kwa hiyo jezi ya Kashiwa yenye jina lake kwa mwandiko huu hakuivaa siku ya mabao manane, wala siku nyingine yoyote.

Anayetaka kununua jezi iliyochezewa kweli, nambari ndiyo mlango wake. Hubandikwa moja moja kwa pasi ya moto, kwa hiyo kila jezi ina kosa lake dogo: 1 imesogea kidogo kwenye mshono, herufi ya mwisho imepanda. Ukipata picha safi ya mchezaji siku ya mechi, unalinganisha hayo makosa. Na uliza ni ya kipindi gani, kwa sababu wachezaji wengi huandaliwa zaidi ya jezi moja kwa mechi. Muuzaji wangu nilipomuuliza kipindi gani alinijibu, "Vyote." Hapo ningesimama nisitume kitu.

Nimemtafuta mara mbili. Mara ya kwanza alisema mali iliyouzwa hairudi. Mara ya pili nilimwandikia ujumbe kumwomba kitu kimoja, anitumie picha ya mgongo wa Olunga kutoka mechi ile aiweke kando ya jezi hii. Ujumbe ameusoma tangu Jumanne, hajajibu.

Jezi sikuitundika. Watoto nimewaambia ukweli na wameishika wote, wakapitisha vidole kwenye ule ukingo wa gundi. Sasa iko dukani kwangu kwenye nailoni yake, na yeyote wa Amu anayetaka kuilinganisha na video kabla hajamtumia pesa mtu yule, aje na simu yake baada ya alasiri, nitamtolea.