Kulala Mbudya: kisiwa nakipa alama zote, hema la kukodi halipati hata moja

Mimi ni fundi cherehani, Sinza, mwaka wa 19 sasa. Nikishika kitu cha kitambaa, macho yanakwenda kwenye mishono yenyewe tu. Hema nililokodi mjini kwa safari hii nililikagua harakaharaka kwa sababu duka lilikuwa limejaa watu na mwenyewe ananihimiza nilipie. Nitalirudia hapo chini, maana ndilo lililoniamsha saa tisa usiku. Lakini tuanze na kisiwa.

Mbudya iko mbele ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Ukishuka daladala Mtongani unachukua bajaji hadi ufukweni, halafu boti, dakika kama 20 bahari ikiwa shwari. Kisiwa kipo kwenye maeneo tengefu ya bahari pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, tangu mwaka 1975, kwa hiyo unalipa kiingilio cha hifadhi mbali na nauli ya boti, na Mtanzania halipi sawa na mgeni. Kama mnalala, semeni mapema kabla ya kuvuka, msisubiri mpaka jua linazama. Wengi wetu tunaijua Mbudya ya mchana: kuogelea, samaki wa kuchoma na chipsi chini ya banda la makuti, jioni kurudi. Mimi mwenyewe nimekwenda hivyo mara nne. Safari hii, mwezi wa 11, nilikwenda kulala, na binti yangu wa darasa la sita na shangazi yake.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuchagua siku kwa kalenda ya ukutani. Tuliangalia Jumamosi ipi shangazi hana zamu, basi. Kumbe ilikuwa mwezi mpevu, bamvua lenyewe, yaani siku ambazo bahari inajaa sana na kurudi mbali sana. Siku za bamvua, pwani yetu ya Dar maji yanakupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti kati ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Sisi tulifika saa nne. Boti ikasimama mbali, tukashuka maji yakiwa magotini, tukatembea juu ya majani ya bahari na dumu la maji la lita 20, hema, kapu la chakula na mkeka. Shangazi alikuwa amevaa ndala zikang'olewa na tope. Vaeni viatu vya kufunga, hata vile vya plastiki vya sokoni, kwa sababu kwenye yale mawe wapo nungu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukiingia unakatikia ndani.

Dumu lile la maji liliokoa safari. Msitegemee maji ya kunywa ya kisiwani. Watu watatu, mchana na usiku mmoja, pamoja na kupika na kujisuuza chumvi, tulibakiwa na maji ya chupa mbili tu.

Tulipoanza kusimamisha hema, mzee mmoja anayechoma samaki pale alikuja. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, akaangalia vigingi vyetu, akasema, "Mwanangu, hapo umelala kitandani kwa bahari." Akatuonyesha mstari wa majani makavu na vijiti uliokuwa hatua kama kumi juu yetu. Akatueleza kwamba mstari ule ndio bahari imeandika mwenyewe inapofika, na usiku wa mwezi mpevu inaweza kuupita kidogo. Tukahama, tukapanda hadi mchanga mkavu karibu na vichaka. Saa kumi jioni nilikwenda kusimama pale tulipokuwa tumepiga kigingi cha kwanza. Maji yalinifika kiunoni.

Sasa matumbawe, ambayo ndiyo yaliyonipeleka. Tulikodi miwani ya kuzamia na mabomba ya kupumulia kwa kijana wa boti, tukaingia mchana maji yakiwa yanajaa, kijana akiwa mbele yetu. Mara zote nne nilizokuja awali niliishia kuogelea kwenye mchanga. Safari hii nilitumbukiza uso na nikakaa kimya kama niko msikitini. Kuna matumbawe ya matawi, kuna ya mviringo kama ubongo, kuna mapana kama sinia. Samaki vitatange wa njano wanatembea wawili wawili. Samaki pono unamsikia kabla hujamwona: anakwangua jiwe kwa meno, kwaru, kwaru, halafu anaachia nyuma yake vumbi jeupe la mchanga. Binti alitoa kichwa majini akapiga kelele, "Mama, anakula jiwe!" Ni kweli, anakwangua mwani uliootea kwenye jiwe, na sehemu ya mchanga mweupe tunaoulalia inatoka tumboni mwake.

Si kote ni pazuri, na sitaficha. Kuna mahali tulipita juu ya uwanja wa vipande vilivyovunjika, vya kijivu, kama kifusi cha nyumba iliyobomolewa. Wavuvi walivua kwa baruti pwani hii kwa miaka mingi, na mwaka 1998 joto la bahari la El Niño liliyababua matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakawa meupe na kufa. Siwezi kujua kifusi kile ni cha kipi. Lakini nilishuka karibu, na juu ya kipande kimoja kilichotulia nikaona tumbawe changa, la rangi ya zambarau, si kubwa kuliko kifungo cha koti. Nilielea juu yake nikilitazama mpaka miwani ikajaa ukungu. Tumbawe ni mnyama, maelfu ya wanyama wadogo wanaojenga pamoja, na yale ya mviringo yanakua kwa sentimita moja hivi kwa mwaka. Lile la kimo cha meza tulilopita mwanzoni limeanza kabla mama yangu hajazaliwa. Dakika hiyohiyo mtalii mmoja wa boti nyingine alikuwa amesimama juu ya tumbawe kwa miguu miwili akirekebisha mkanda wa miwani yake. Nilimwita nikamwomba ashuke. Alishuka, akaomba radhi, hakuna aliyemwambia kabla. Wenye boti, semeni na abiria kabla hawajaingia majini, maneno mawili tu: msikanyage, msishike. Na makombe ya baharini msiyabebe nyumbani.

Boti za mwisho ziliondoka jioni na muziki wao. Hapo ndipo Mbudya ninayoisifia ilipoanza. Upepo ulikuwa wa matlai, ule wa mashariki, laini. Tulikula chapati na maharage ya nazi niliyopika nyumbani, pamoja na samaki changu ambaye mzee alituchomea kabla hajafunga. Mwezi ulitoka mkubwa upande wa Unguja, na mashina ya mibuyu yakang'aa kama yamepakwa chokaa. Mnamo saa nne usiku maji yalikuwa yamekupwa tena, na mwamba mzima ulikuwa nje, unatoa sauti ya kuchacharika, maelfu ya vitu vidogo vinafunguka na kufunga.

Karibu na mbuyu mmoja tochi ilimwangukia kaa wa minazi. Nilikuwa nimesikia habari zake, sikuwahi kumwona. Ni kaa mkubwa kupita kaa wote wa nchi kavu, ana rangi ya buluu iliyochanganyika na kahawia, gando lake nene kama kifundo cha mkono wangu. Alisimama, akapunga vipapasio viwili, akapanda juu ya mzizi taratibu kama mzee anayepanda ngazi. Tulizima tochi tukamwacha. Ukimwona, usimshike na usimlishe. Chakula chenu kifungeni kwenye ndoo yenye kifuniko, maana ananusa kutoka mbali na ndani ya hema atafuata harufu.

Saa tisa usiku mvua ya vuli ikapiga, dakika kama 20, na hema likavuja. Niliwasha taa ya sola nikafuatisha maji yalikotoka. Turubai lenyewe lilikuwa zima. Maji yaliingia kwenye mshono, kona ya kushoto karibu na zipu, ambako sindano imepita na tundu zimeachwa wazi. Hema la mvua mishono yake hubandikwa utepe kwa ndani, ukipitisha kidole unausikia laini kama plasta. Hili lilikuwa na utepe juu tu, pembeni hakuna kitu. Uzi nao ni wa pamba, unanyonya maji na kuyaingiza ndani kama utambi. Nilikatisha mfuko wa plastiki nikaupachika kwa mshumaa ulioyeyuka, ukatufikisha asubuhi. Kwa hiyo ukikodi hema, ligeuze ndani nje hapohapo dukani, pitisha kidole kwenye kila mshono, na uombe turubai la pili la kufunika juu. Anayekukataza kuligeuza, mwachie hema lake.

Jambo la pili la kulalamikia ni boti ya kurudi. Tulikubaliana saa mbili asubuhi, kabla maji hayajakupwa. Nahodha alikuja saa nne kasoro, tukatembea tena kwenye tope na mizigo, na ndani ya boti jaketi za kuokolea zilikuwa pungufu, mbili hazina vifungo. Nilikataa binti apande mpaka apatiwe nzima, na abiria wengine wakaniunga mkono. Hesabuni jaketi kabla hamjatoa nauli, na nusu ya nauli ibaki mkononi mwenu hadi mrudi.

Kwa mwenye watoto, ushauri wangu ni kwenda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Bahari haiendi mbali, haivuti kwa nguvu, na inajaa katikati ya asubuhi, wakati mzuri wa kutazama matumbawe jua likiwa juu. Mnakosa mbalamwezi ya mwezi mpevu na mwamba ulio nje usiku, lakini hamtatembea tope. Kusi, upepo wa kusini, likishika, kuanzia mwezi wa tano, bahari inachafuka na mimi nisingempeleka mtoto kulala. Takataka zote mrudi nazo. Tulijaza mfuko mmoja wa zetu na mwingine wa chupa zilizoletwa na mawimbi.

Hema nililirudisha Jumatatu. Kila mshono uliovuja nilikuwa nimeuchora kwa chaki ya fundi, sehemu tatu, nikamwonyesha kijana wa dukani mmoja baada ya mwingine. Alilikunja akaliweka juu ya mengine. Ni la kijani, lenye zipu nyeusi. Nimenunua mita nane za turubai na uzi wa nailoni, la kwetu nalishona mwenyewe, na tunarudi Mbudya mwezi wa pili, mwezi ukifika nusu.